Kila nikipima mkojo nakutwa na bakteria: je, hawa hawaishi mwilini siku zote?

Bi Chaki aliandika:

Wanajamvi, habari za muda huu. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, kwa sababu jambo lenyewe limenisumbua mwaka mzima na nisingependa kulikatisha njiani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 34. Tangu mwaka jana nimeambiwa mara nne kwamba nina UTI. Mara ya kwanza sina ubishi nayo: mkojo ulikuwa unachoma kama pilipili, nilikuwa natoka darasani kila baada ya robo saa, na chini ya kitovu kulikuwa kunauma. Nikapewa vidonge, na siku ya tatu nikawa mzima. Mara mbili zilizofuata nilikwenda zahanati kwa sababu nyingine kabisa, moja ikiwa mafua makali na nyingine uchovu na kuumwa kichwa. Utaratibu wenyewe mnaujua: hujaketi vizuri kwenye benchi, umeshachomwa kidole cha malaria na kukabidhiwa kikopo cha mkojo. Karatasi ikarudi imeandikwa kwamba bakteria wameonekana. Safari ya kwanza nikaandikiwa Sipro, na safari iliyofuata nikachomwa sindano siku tano mfululizo. Baada ya zile sindano nilipata fangasi sehemu za siri, nikawa nasahihisha madaftari ya wanafunzi nimesimama.

Mwezi huu nimepima afya kwa ajili ya ruhusa ya masomo, na karatasi imeandikwa vilevile: bakteria wapo. Daktari aliyenipokea, binti mdogo tu, aliisoma, akaniuliza kama mkojo unachoma, kama nina homa, kama naumwa ubavuni. Nikajibu hapana kwa yote. Akasema, “Basi, mwalimu, nenda nyumbani. Hao wana kwao humo mwilini.” Hakuandika hata kidonge kimoja. Mume wangu anaona nimepuuzwa, na mimi mwenyewe sijui nishike lipi.

Je, ni kweli kwamba bakteria huishi ndani ya mwili wa mtu mwenye afya njema? Kama ni kweli, wanakaa wapi, na kwa nini hawatudhuru? Na kama bakteria ni yuleyule, inakuwaje mwaka jana anitoe machozi na mwaka huu aitwe mwenyeji?

Hadubini alijibu:

Dada Bi Chaki, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuuliza, maana wengi huishia kununua dawa. Mimi ni mtaalamu wa maabara na kazi hii ya kutazama mikojo, makohozi na vinyesi vya watu nimeifanya miaka 17, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa hadubini. Mambo ya dawa nawaachia wenye kuandika dawa.

Ni kweli kabisa kwamba bakteria wanaishi ndani yetu, tena si wachache. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016, ambayo ndiyo inayokubalika zaidi kwa sasa, inakadiria kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria trilioni 38 hivi dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30. Zamani tulifundishwa vyuoni kwamba wanatuzidi kwa mara kumi, jambo ambalo limeonekana lilikuwa makadirio ya haraka yaliyorithiwa kitabu hadi kitabu. Pamoja na wingi huo, ukiwakusanya wote uzito wao haufiki hata robo kilo, kwa sababu kila mmoja ni mdogo mno.

Hawakutawanyika sawasawa. Karibu wote wako kwenye utumbo mpana, ambako hakuna hewa ya oksijeni, chakula kinapita polepole, na joto ni lilelile usiku na mchana. Tumboni penyewe ni wachache kwa sababu ya ile asidi kali. Kinywani wamejaa, na utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki ni wao pamoja na gundi wanayojitengenezea. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliukwangua utando huo kwenye meno yake, akautia chini ya lenzi aliyoisaga mwenyewe, akaona vidudu vinaogelea. Ngozi nayo ina wakazi wake, hasa makwapani, puani na kwenye mikunjo yenye unyevu. Kwa upande mwingine ziko sehemu ambazo hatutarajii kukuta bakteria wakizaliana humo: damu, maji ya uti wa mgongo, viungo vya magoti. Nikimwona bakteria mmoja tu kwenye maji ya uti wa mgongo, simsubiri mhudumu aje kuchukua karatasi. Napiga simu wodini mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho, lile la bakteria yuleyule. Anayesababisha UTI nyingi zaidi kuliko wote anaitwa Escherichia coli. Jina hilo linatokana na daktari wa watoto, Theodor Escherich, aliyemweleza mwaka 1885 baada ya kumkuta katika vinyesi vya watoto wachanga. Ona kwamba hakumkuta kwenye jipu wala kwenye maiti. Alimkuta akiwa nyumbani kwake, katika matumbo ya watoto wanaonyonya vizuri. Hadi leo yumo katika utumbo wangu na wako, akiwa ni sehemu ndogo, pengine chini ya asilimia moja ya wakazi wote wa humo. Akiwa huko anakula mabaki, anakalia nafasi ambayo angeikalia mgeni mbaya zaidi, na ni mmoja wa wale wanaotutengenezea vitamini K. Akivuka sentimita chache kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye mrija wa mkojo, akapanda hadi kibofuni, mambo yanabadilika, hasa akiwa wa zile koo zenye vinyweleo vinavyong’ang’ania ukuta wa kibofu. Kwa kawaida mkojo unapotoka unasomba kila kisichoshikilia, lakini mwenye vinyweleo hivyo habebwi na mkondo. Anakaa, anazaliana, mwili unaleta chembe nyeupe za damu kupigana naye, na ile vita ndiyo inayochoma. Wanawake wanapata taabu hii zaidi kwa sababu ya maumbile: mrija wao wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume unafika karibu 20.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa hisabati, nikupe hesabu moja ambayo naamini inahusika na karatasi zako. Escherichia coli akiwa kwenye joto la mwili na chakula cha kutosha hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Tuseme kikopo chako kiliingiwa na bakteria 200 katika kila mililita moja, ambao hawakutoka kibofuni bali walisombwa kutoka kwenye ngozi ya nje ulipokuwa unakojoa. Saa tatu ni migawanyo 9, na mbili kwa kipeo cha 9 ni 512. Zidisha kwa 200, unapata 102,400. Sasa kumbuka kwamba maabara nyingi duniani zinatumia bakteria 100,000 kwa mililita kama mpaka wa kusema huyu ana maambukizi. Kwenye kikopo halisi mambo huenda polepole zaidi kuliko kwenye hesabu, lakini ukikiacha dirishani juani huku foleni ikisogea, utakuwa umefuga ugonjwa ambao mwenye mkojo hana. Ndiyo maana tunasisitiza mkojo ufike ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye jokofu. Je, ulipopewa kikopo, kuna mtu aliyekueleza kwamba unatakiwa kujisafisha kwa maji kwanza, kuuachia mkojo wa mwanzo uende chooni, na kukinga ule wa katikati?

Babu wa Mlimani alijibu:

Binti yangu, hao wasomi watakuchosha na hesabu. Bakteria ni bakteria. Mimi nilisumbuliwa na tatizo hilo baada ya kustaafu, nikanunua dawa dukani, nikameza, nikapima, bado wapo. Nikabadilisha dawa, nikameza, nikapima. Hivyo hivyo hadi karatasi ikasema mkojo ni msafi kabisa, nami hadi leo sijarudia. Adui hapewi nafasi ya kukaa ndani ya nyumba. Tafuta dawa yenye nguvu, umalize kazi.

Nesi Zamu ya Usiku alijibu:

Mzee wetu, shikamoo. Nafurahi kwamba uko salama, ila kwa heshima zote naomba nisikubaliane nawe, kwa sababu ushauri huo ndio tunaoupokea matokeo yake wodini saa nane za usiku.

Kwanza, antibayotiki haina macho. Ukimeza kidonge kwa ajili ya bakteria wa kibofuni, dawa inasambaa na damu mwili mzima, na inawapiga waliomo utumboni, kinywani na ukeni bila kuuliza nani mwenyeji na nani mvamizi. Dada Bi Chaki ameeleza mwenyewe kilichompata bila kujua kwamba ni ushahidi: fangasi baada ya sindano. Katika uke wenye afya wamo bakteria wanaoitwa Lactobacillus, ambao Albert Döderlein wa Ujerumani aliwaeleza mwaka 1892. Wanakula sukari inayotokana na seli za mahali hapo na kutoa asidi, ileile inayoyagandisha maziwa ya mtindi, hadi mahali pale panakuwa na ukali ambao wadudu wengi hawauwezi. Fangasi mara nyingi wapo pembeni, wachache, wamebanwa. Dawa inapowaua Lactobacillus, fangasi hawadhuriki nayo hata kidogo, kwa kuwa wao si bakteria. Wanakuta shamba halina mwenyewe, wanalima. Kwa hiyo wale fangasi hukuambukizwa na mtu wala hukuwapata chooni, kama wengi wanavyodhani na hata kugombana na waume zao. Ni wakazi wa pembeni waliopata mwanya.

Utumboni hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kuna bakteria anayeitwa Clostridioides difficile, ambaye watu wengine wanatembea naye bila shida yoyote, akiwa amezuiwa na majirani zake. Majirani wakifyekwa kwa dawa kali, anaongezeka na kutoa sumu, na mgonjwa aliyekuja na kikohozi anaondoka na kuhara kunakoweza hata kuua, hasa akiwa mzee. Mzee wangu, nasema hivi nikikufikiria wewe.

Pili, kuna huu usugu ambao sasa umepewa hadi jina lake la kifupi, UVIDA, yaani usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa. Watu husema “mwili wangu umezoea dawa”. Mwili hauzoei, wanaozoea ni wao bakteria, na hata neno kuzoea halitoshi. Katika mamilioni ya Escherichia coli walioko utumboni wamo wachache ambao dawa haiwadhuru. Kila dozi isiyokuwa na sababu inawaondoa wenzao na kuwapa hao wachache nafasi yote. Tena wana tabia moja ya ajabu: wanaweza kupeana kipande kidogo cha vinasaba kilichobeba siri ya kuishinda dawa, jirani kwa jirani, hata kama si wa ukoo mmoja, mtu anavyompa mwenzake ufunguo wa ziada. Siku atakapopanda kibofuni, anapanda akiwa tayari na ufunguo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha juu ya watu kujinunulia dawa hiyo na kumeza kidogo isivyotosha, wakawafundisha wadudu kuihimili.

Dada, niongeze jambo moja ambalo wanaume wa jamvini wanisamehe. Acheni kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu, mafuta ya karafuu na hizo dawa za kuleta mnato zinazouzwa mitaani. Uke unajisafisha wenyewe. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Nimewahudumia wanawake ambao kila wiki walikuwa wanapambana na harufu, na kila walivyozidi kujiosha ndivyo harufu ilivyozidi, kwa sababu walikuwa wanawafukuza walinzi wao kwa ndoo.

Dereva wa Usiku alijibu:

Nachangia kidogo tu. Mimi tatizo langu lilikuwa majipu, mara kwapani, mara pajani, kwa miaka miwili, hadi nikadhani nimerogwa. Daktari wa tatu aliacha kutazama jipu, akachukua kijiti chenye pamba akanizungushia puani. Nilicheka, maana jipu lilikuwa kwenye makalio. Majibu yakatoka kwamba bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, alikuwa anaishi puani mwangu kwa raha zake, nami najikuna pua kisha najikuna kwingine. Nilipewa mafuta ya kupaka puani na nikaelekezwa namna ya kuoga na kufua mashuka, na tangu hapo nimepumua. Kilichonishangaza ni kwamba pua yenyewe haikuwahi kuniuma hata siku moja.

Hadubini alijibu:

Ndugu Dereva, umetoa mfano mzuri kuliko nilivyoweza. Karibu watu watatu katika kila kumi wanamfuga huyo puani, na wengi wao hawatapata jipu maishani. Jina lake la kwanza lina asili ya neno la Kigiriki la kichala cha zabibu, na ukimtazama kwenye hadubini utamkubali aliyempa jina hilo: vitone vya zambarau vimesongamana kwenye kichala, hasa.

Ile zambarau ni ya kupaka. Bakteria peke yao ni kama vipande vya kioo ndani ya maji, huwaoni vizuri. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, alibuni msingi wa utaratibu tunaoutumia kila siku: unamwagia kioo rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha unasuuza kwa spiriti, na mwisho unatia rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wa nje hubaki na zambarau; wenye ukuta mwembamba huoshwa na spiriti na kupokea ile nyekundu, wakaonekana wa waridi. Staphylococcus ni wa zambarau, Escherichia coli ni vijiti vya waridi. Gram mwenyewe aliandika kwamba anaichapisha mbinu yake akijua ina kasoro nyingi. Miaka zaidi ya 130 baadaye bado vidole vyangu vina madoa yake, na mke wangu ameshakata tamaa na makoti yangu.

Bi Chaki aliandika:

Nawashukuru sana, na Mzee wetu pia, kwa kuwa ameniombea mema. Kuhusu swali la Hadubini: hapana, sikuwahi kuelezwa chochote kuhusu mkojo wa katikati. Nilipewa kikopo, nikaonyeshwa mlango wa choo. Safari ile ya sindano nilikiweka dirishani mwa maabara saa tatu asubuhi, na jina langu likaitwa baada ya saa sita mchana. Nimeifanya ile hesabu yako upya nikabaki kimya.

Nimeichukua karatasi ya mwezi huu. Imeandikwa bakteria wapo, chembe za usaha 2 hadi 4, seli za utando nyingi, na kwenye kipimo cha kijiti naitraiti hakuna. Yule daktari aliona nini humo ambacho wenzake hawakukiona? Na je, hakukuwa na kipimo cha kumaliza ubishi?

Hadubini alijibu:

Aliisoma karatasi yote, basi. Wengi husoma mstari mmoja.

Seli za utando ni zile zinazobanduka kwenye ngozi ya nje na mlangoni mwa uke. Zikiwa nyingi, maana yake kilichomo kikoponi kimepitia nje na kusomba vilivyoko huko, bakteria wakiwamo. Chembe za usaha ni askari wa mwili. 2 hadi 4 katika eneo moja la kutazama ni idadi ya mtu asiye na vita. Escherichia coli anayekaa kibofuni kwa saa kadhaa hugeuza naitreti ya mkojo kuwa naitraiti, na kijiti hubadilika kuwa cha waridi, chako hakikubadilika. Kipimo hiki hakijitoshelezi, kwa kuwa wapo bakteria wasiofanya ugeuzaji huo, na mkojo uliokaa kibofuni muda mfupi unaweza kudanganya. Hata hivyo, ukiviweka vyote pamoja, na mgonjwa mwenyewe anasema haumwi, picha inayojengeka ni ya kikopo kilichochafuka na wala si ya kibofu kinachougua.

Kipimo cha kumaliza ubishi kipo, nacho ni kuotesha. Nikuonyeshe ninavyokifanya. Nachukua kitanzi kidogo cha waya ambacho kinabeba maikrolita moja tu ya mkojo, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita, na kuchora nacho mistari juu ya sahani yenye chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli, rangi yake kijani kinachoelekea bluu. Naiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Asubuhi, kama alikuwamo Escherichia coli, sahani imegeuka njano, kwa sababu anakula sukari ya maziwa iliyomo na kutoa asidi, na kila bakteria mmoja niliyempanda amekuwa kitone kimoja kinachoonekana kwa macho. Nahesabu vitone, nazidisha kwa elfu. Vitone 100 vya aina moja vinanipa ile 100,000. Nikiona aina tatu au nne zimechanganyika, kidogo cha hiki na kidogo cha kile, naandika kwamba sampuli imechafuka, mgonjwa alete nyingine. Kisha, palipo na mhusika mmoja wa wazi, nampanda tena na kumzungushia vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, na kesho yake natazama ni dawa ipi imejitengenezea duara tupu kuizunguka. Hiyo ndiyo inayofaa kuandikwa. Ile ambayo bakteria wameota hadi ukingoni mwake, mgonjwa angeimeza bure.

Kipimo hiki kinachukua siku mbili au tatu na hakipatikani kila zahanati, na si kila mwenye mkojo unaochoma anakihitaji. Kwa mtu anayeambiwa mara nne kwa mwaka kwamba anaumwa, ningekidai kabla ya dozi ya tano. Tena ukiona mkojo unachoma kweli, au homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni, usikae nyumbani kusoma majibu yangu. Hapo bakteria wanaweza kuwa wanapanda kuelekea figo, na siku moja ni ndefu.

Jambo la mwisho kwa wanaopenda kufuatilia: tulifundishwa kwamba mkojo ulioko kibofuni hauna kabisa bakteria. Katika miaka ya karibuni, kwa mbinu nyeti zaidi za kuotesha na kusoma vinasaba, watafiti wamewakuta bakteria wachache hata katika vibofu vya wanawake wasio na ugonjwa wowote. Kwa hiyo maneno ya yule binti daktari, kwamba wana kwao humo, ni ya kweli zaidi ya ambavyo mimi ningekubali nilipokuwa chuoni.

Babu wa Mlimani alijibu:

Marahaba, nesi. Nimesoma. Ile ya kuhara sikuwa naijua, ingawa sasa nakumbuka kwamba baada ya dozi ya tatu nilikaa chooni wiki nzima, na mke wangu alidhani ni maharage.

Bi Chaki aliandika:

Nimemsomea mume wangu yote haya na amekubali kwamba sikupuuzwa. Na kwa kweli somo limefika mbali: mdogo wangu ana ujauzito wa miezi minne, wiki iliyopita aliambiwa kliniki kwamba mkojo wake umeoteshwa na bakteria wamekutwa, akapewa vidonge vya siku saba, ingawa hana maumivu yoyote. Jana usiku nimempigia nikamwambia avitupe, kwamba hao ni wenyeji tu.

Nesi Zamu ya Usiku alijibu:

Dada, hapana. Tafadhali mpigie sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu.

Mjamzito hayumo katika maneno tuliyokueleza wewe. Ujauzito hulegeza mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na mfuko wa uzazi unavyokua unaikandamiza, hivyo mkojo unatuama na bakteria wanapata ngazi. Kati ya wajawazito 100 wenye bakteria kibofuni wasioumwa chochote, wanaoishia na maambukizi ya figo wasipotibiwa wanaweza kufikia 20 hadi 40, na maambukizi hayo huweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Ndiyo sababu wao hutibiwa hata wakiwa hawajisikii chochote. Wengine wanaotibiwa bila dalili ni wale wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, na orodha inaishia karibu hapo. Tena mdogo wako ameoteshewa mkojo, hakupimwa kwa kutazamwa tu; huyo amehudumiwa vizuri.

Kama amevitupa kweli, arudi kliniki na kadi yake ya wajawazito na karatasi ya majibu. Asinunue vingine dukani kwa kufuata ulivyoandikiwa wewe, kwa sababu Sipro haipewi mjamzito hivi hivi.

Bi Chaki aliandika:

Nimempigia. Kumbe hakunisikiliza, amemeza jana usiku na leo asubuhi, na vilivyobaki viko kabatini.